Shimo la Ndizi Chini ya Mkilua

Baridi ya Kasulu hainipendi, nami siipendi, tumezoeana hivyo hivyo kama mtu na wifi zake. Nimezaliwa Pangani, kwenye joto la kulala milango wazi, nikaolewa huku milimani na Muha wa kijiji cha Kitanga, mwanamume wa maneno machache na mikono isiyotulia. Ikifika Juni, mchana jua linawaka vizuri tu, anga safi, mihogo inakauka juani. Jua likizama, dunia inageuka. Alfajiri ukifungua mlango, pumzi yako inatangulia nje kabla yako. Wenyeji wanavaa sweta wanaendelea na maisha. Mimi dukani kwangu, ninakouza kanga na vitenge karibu na soko, navaa soksi ndani ya kandambili, na wateja wananicheka. Wacheke, mradi wanunue.

Mwaka ninaousimulia ndio mama yangu alihamia kwetu. Baba alikuwa amefariki, mama akabaki peke yake na presha yake, halafu siku moja akateleza uani akiteka maji, akapiga kisogo kwenye saruji. Majirani wakamkimbiza hospitali. Nilipofika alikuwa ameshakaa kitandani, anagombana na nesi kuhusu uji. Nikamwambia, mama, safari hii huna ujanja, tunakwenda wote Kasulu. Nilitegemea vita. Akasema sawa, lakini haendi bila mkilua wake.

Kwa asiyeujua mkilua nitasema kwa kifupi. Ni mti mdogo wa pwani, majani yake hayana ajabu, na ua lake ukiliona unaweza kulipita: la kijani likielekea manjano, nene, linaning'inia kichwa chini kama limeona haya. Lakini harufu yake, jamani. Kwetu mwanamke akitoka kuoga analichomeka kifuani ndani ya kanga, au analifunga kwenye kikuba cha maua pamoja na asumini na mrehani, na mume akipita anajua amefika nyumbani. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na mti wake mkubwa nyuma ya nyumba. Kiwanja kile kiligawanywa na warithi, kipande kikauzwa, na mti ukakatwa kupisha msingi. Mama aliwahi kuchimba mche uliokuwa umejiotea chini yake, akautia ndoo ya plastiki, akaulea miaka mlangoni pake hadi ukafika kiunoni. Ndio uliobaki.

Basi huo mche ulisafiri kutoka Pangani hadi Kasulu mapajani mwa mama. Konda alisema ndoo iende kwenye buti. Mama akamtazama, akamwambia, "Tangulia wewe humo, ukituambia kuzuri na sisi tutaingia." Abiria wakacheka, konda akaondoka, na mimi nikaegemea dirisha kujifanya simjui mtu.

Tulifika mvua zikiwa zinakatika. Mwanzoni mkilua ulikaa barazani na mambo yakawa mazuri. Kipupwe kilipoanza, majani yakaanza kukunjamana pembeni, yakawa ya kahawia, yakaanguka moja moja. Mume wangu akasema tuuhamishie kwenye banda lake la nailoni. Alikuwa na banda nyuma ya nyumba, miti ya kienyeji na nailoni nyeupe aliyoinunua Kibondo, anaoteshea miche ya nyanya na hoho. Wataalamu wa kilimo wanaliita kitalu nyumba. Sisi tunaliita banda.

Tukauhamishia, tukajiona tumemaliza kazi. Kumbe banda la nailoni lina unafiki wake. Mchana ukiingia unatoka jasho, miwani inafunga ukungu, unasema hapa hata mnazi ungeota. Jua likizama joto lote linaondoka kama wageni wa harusi pilau likiisha. Asubuhi mume wangu alinyoosha mkono ndani, akaunyoosha nje, akasema, "Ni baridi ile ile." Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Mama alikuwa anakwenda bandani kila asubuhi na kigoda chake. Anaokota majani yaliyoanguka, anayafunga kwenye pindo la kanga. Hasemi kitu. Siku moja nilimkuta ameshika shina kwa vidole viwili, kama mtu anayempima mwenziwe mapigo ya moyo, akaniambia bila kugeuka, "Mwanangu, mti huu ukifa, mnipandishe kwenye basi. Nikafie kwetu."

Nilicheka, maana mimi nikiogopa hucheka kwanza. Nikamwambia aache maneno ya kitoto. Lakini nilimjua mama yangu. Hatishii. Akisema atafanya, ameshafanya, bado mwili tu kufuata. Na kwetu hakukuwa tena na kwetu. Nyumba yake ya kupanga tulikuwa tumeirudisha, angefikia kwenye chumba kimoja cha mdogo wake, naye mdogo wake huyo alikuwa wa kugeuzwa kitandani. Nani angempa dawa ya presha? Nani angejua ameteleza tena? Nilikaa dukani siku ile nikapima kitenge cha mtu vibaya mara mbili. Niliogopa hasa. Nilikuwa nimempata mama yangu uzeeni, na sasa nilikuwa nimsindikize stendi kwa sababu ya majani.

Mama mwenyewe ndiye aliyekuja na dawa ya kwanza. Alisema mti huu ni mgonjwa wa baridi, na mgonjwa wa baridi anajulikana anavyotunzwa: kama mzazi. Kwetu mwanamke akijifungua anawekwa chumbani siku zake arobaini, mlango unafungwa, jiko la makaa linawekwa chini ya kitanda cha kamba, ubani unafukizwa, baridi isimwingie mifupani. Mimi nilizaa watoto wangu Kasulu, lakini mama alikuja kila mara kunifukiza, kwa hiyo nilipomsikia niliona ana hoja kabisa. Mume wangu alitaka kusema kitu. Tulimtazama wawili, akaenda kutengeneza baiskeli.

Tukaziba banda. Kila tundu la nailoni tuliliwekea gazeti na gundi. Jioni mama akawasha jiko la mkaa, akaliingiza ndani karibu na ndoo, na juu yake akaweka chetezo na punje za ubani. Akasoma alichosoma. Tukafunga mlango wa nailoni tukaukandamiza kwa matofali. Banda likawaka wekundu kwa ndani, zuri kweli, moshi unazunguka, na mimi nikasema Alhamdulillah, tumeshinda. Tulifanya hivyo jioni kadhaa mfululizo.

Asubuhi ya mwisho nilifungua mlango mimi. Nilipoinama kutoa jiko kichwa kilinigonga ghafla, macho yakaona nyota, nikarudi nje nikakaa chini. Mume wangu akaja mbio akaivuta nailoni yote upande mmoja. Miche yake ya nyanya ilikuwa imelala, majani yamegeuka manjano. Na mkilua ulikuwa umepukutika. Jioni ulikuwa bado na majani ya kuhesabika, asubuhi ulikuwa fimbo yenye majani matatu kileleni.

"Makaa kwenye nyumba iliyozibwa," mume wangu alisema. "Hewa imekwisha. Ungelala humo, tungekuzika." Sasa nikaelewa alichotaka kusema siku ile. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Mlikuwa wawili."

Chumba cha mzazi kina dirisha, kina upenyo, kina watu wanaoingia na kutoka, na jiko lenyewe hutolewa watu wakilala. Banda letu tulikuwa tumelifunga kama mtungi. Mama hakulia. Aliyaokota majani yote, akaenda chumbani, na nikasikia anavuta begi lake kutoka uvunguni.

Sasa nimtaje jirani. Nyumba ya pili kutoka kwetu anaishi mwanamke wa makamo, amekulia upande wa Kibondo. Wazazi wake walikuja wakitokea Burundi zamani, na yeye sasa ni raia kama mimi, anapiga kura kama mimi, na ananidai sukari kama mimi ninavyomdai chumvi. Analima migomba na anatengeneza juisi ya ndizi mbivu, na wanaotaka kitu kikali zaidi wanajua siku ya kwenda. Mwanamke mwenye sauti. Akikusalimia barabarani, wa mtaa wa pili wanaitikia.

Asubuhi ile alikuja kwa ajili ya kiberiti. Akaona nailoni imevuliwa, miche imelala, mimi nimekaa chini nimeshika kichwa, na mume wangu anafagia majivu. Akasikiliza hadithi yote mkono kiunoni. Halafu akacheka, akasema, "Nyie mlikuwa mnapasha hewa. Hewa haina shukrani. Ukiipasha, inaondoka."

Nikamwambia kama ana la kusaidia asaidie, kama amekuja kucheka nitamuuzia kiberiti badala ya kumpa.

Akaniuliza kama nimewahi kuona ndizi zinavyoivishwa. Nilikuwa nimeishi Kasulu miaka yote hiyo na sikuwahi kuuliza, nanunua juisi nakunywa. Akaeleza. Kipindi cha baridi ndizi mbichi haziivi upesi. Basi unachimba shimo, unawasha moto ndani ya shimo tupu hadi kuta zake zishike joto. Unatoa makaa yote na majivu, unalifagia safi. Unatandika majani ya mgomba, unapanga mikungu, unafunika majani tena, unafukia. Unaondoka. Ukirudi, ndizi zimeiva zote sawia. "Hakuna moto mle," alisema. "Hakuna moshi. Ni udongo unakumbuka moto. Udongo una shukrani, ukiupa joto unakaa nalo."

Mama alikuwa amesimama mlangoni amesikia kila kitu. Akauliza, kwa ile sauti ya Pangani inayokata polepole, "Na ndizi hizo mwisho wake ni nini?"

"Juisi, mama," jirani akasema.

"Na juisi ikikaa?"

Jirani akajikuna shingo. "Ikikaa ni pombe, mama."

"Basi mwataka kuuweka mkilua wa mama yangu juu ya shimo la pombe."

"Shimo halilewi, mama," jirani akajibu, wala hakutabasamu. "Ni udongo wa Mungu. Anayelewa ni mtu."

Nilingoja mama awake. Badala yake nikaona midomo yake inacheza, akageuza uso upande. Akasema chimbeni, lakini majani ya mgomba yaoshwe kwanza. Begi lilibaki juu ya kitanda, limefunguliwa, nusu limejaa, na mimi kila nilipopita mlangoni pa chumba chake nililitazama.

Mume wangu alichimba katikati ya banda, shimo la kumfika mtu magotini, pana kuzidi ndoo. Nailoni ilikuwa bado imevuliwa, upepo unapita. Jirani akapanga kuni kavu mwenyewe, akawasha, akaacha ziungue hadi zikabaki makaa matupu na kuta za shimo zikabadilika rangi. Wakayatoa makaa yote kwa koleo, wakafagia majivu. Mimi nilitaka tuushushe mti hapo hapo, joto lisipotee. Jirani akanizuia, akasema joto kali litaipika mizizi. Akapiga magoti, akaingiza mkono shimoni hadi kwenye kiwiko, ile sehemu laini ya ndani ambayo akina mama hupimia maji ya kumwogesha mtoto. Akasema bado. Akaenda zake sokoni. Akarudi alasiri, akaingiza mkono tena, akasema bado. Nilianza kugombana naye. Jua lilipoanza kuinama ndipo akasema sasa.

Wakatandika majani ya mgomba yaliyooshwa, maana mama aliyaosha mwenyewe, jani kwa jani. Juu yake wakatia samadi mbichi ya ng'ombe iliyochanganywa na nyasi kavu, kisha majani tena, kisha udongo. Ndoo ya mkilua ikaketi juu, ikazungushiwa udongo hadi shingoni. Nailoni ikarudishwa, na safari hii jirani akaacha upenyo juu mlangoni. Mume wangu naye, ambaye siku nzima alikuwa anafikiri, akaleta madumu yake ya maji, aliyokuwa ameyapaka masizi ya sufuria yakawa meusi tii na kuyaanika juani yamejaa tangu mchana, akayapanga ndani upande unaopigwa na jua. Nikamuuliza ya nini. Akasema kama udongo unakumbuka, na maji yatakumbuka. Jioni akafunika banda lote kwa mikeka mikuukuu na blanketi lenye matundu.

Alfajiri niliamka kuswali, nikatoka uani. Baridi ilikuwa ya kuuma masikio, nyasi zimelowa umande, moshi wa majiko ya jirani umelala chini haupandi. Nikanyanyua mkeka na nailoni, nikaingiza mkono, nikaubandika juu ya udongo.

Ulikuwa wa moto. Sisemi vuguvugu. Ulikuwa wa moto kama kitanda alichoamka mtu sasa hivi. Nikagusa dumu, nalo ni la uvuguvugu, lile jua la jana mchana limekaa mle ndani linanisubiri. Nilipiga magoti pale nikasahau baridi. Subhanallah. Jua linapita juu yetu kila siku bure, tunalilaani mchana na kulitafuta usiku, kumbe linataka tu mahali pa kulala.

Nikakimbia kumwamsha mama. Alikuja amejitanda kanga mbili na sweta la mkwewe. Akaingia bandani akainama, akaweka kiganja. Halafu akavua kandambili, akavua na soksi, akakaa kwenye kigoda na kuweka nyayo zake zote mbili juu ya udongo. Akafumba macho.

"Miguu yangu haijapata joto tangu nifike," alisema.

Iliniuma ile. Nilikuwa nimemnunulia soksi, blanketi, chupa ya maji ya moto, na hajawahi kulalamika hata siku moja. Nilidhani mgonjwa wa baridi ni mti.

Nilidhani pia kwamba joto la moto likiisha kazi imekwisha, tutachimbua tuwashe tena. Siku zilivyopita udongo haukupoa. Jirani akasema sasa ni samadi, imeanza kuchemka yenyewe. Sikumwamini, akachomeka kijiti kirefu pembeni, akakiacha kidogo, akakichomoa, akanipa nishike upande wa chini. Nusura nikidondoshe. Mavi ya ng'ombe na nyasi, vitu tunavyoviruka barabarani tusichafue viatu, vilikuwa vinapika kimya kimya chini ya mti wa bibi yangu bila kuni, bila kiberiti, bila kuombwa. Asubuhi tukifungua nailoni mvuke unatoka, banda linapumua. Mume wangu akawa anaongeza samadi kila ilipotulia, anaichomeka pembeni kwa koleo. Akaanza kuniita nije nione, yeye asiyeita mtu, na tunasimama wawili tukitazama mvuke kama watu waliokwenda kutazama sinema.

Mama akahamia bandani, kwa kusema kweli. Anakunywa chai yake mle, anavuta tasbihi yake mle, anachambua mchele mle. Jirani naye hapigi hodi mlango mkubwa, anaingia moja kwa moja nyuma. Nilikuwa nawasikia kutoka jikoni. Mmoja anasema Kiswahili cha Pangani, mwingine Kiswahili chenye Kirundi ndani, "ego, mama, ego," yaani ndiyo, na wanaelewana kuliko mimi na wateja wangu. Jirani alimhadithia alivyokua, wazazi wake walivyoanza upya na jembe moja. Mama alimhadithia mti wa mama yake. Lakini begi lilikuwa bado halijarudi uvunguni, na habari ya basi hakuna aliyeigusa. Mti ulikuwa hai. Ila ulikuwa fimbo.

Halafu pale majani yalipoanguka pakavimba. Nukta ndogo za kijani, ungedhani ni uchafu. Mama alizigusa kwa ncha ya kidole. Zikafunguka majani. Upepo wa baridi ulipoanza kukatika na watu wakaanza kuchoma nyasi kusafisha mashamba, kwapani mwa jani moja pakaning'inia kitu kisicho jani. Mama alikiona kwanza, hakutwambia. Alinyamaza nacho siku kadhaa, na siku hizo zote alikuwa mtu wa ajabu, anaswali mara mbili ya kawaida, chakula hali vizuri. Mimi nikawa nachelewa kufungua duka, kwa hofu tu.

Kilifunguka asubuhi. Nilikuwa naanika nguo, harufu ikanifika kabla sijajua ni nini. Nilisimama na shuka mkononi. Nilikuwa msichana tena uani kwa bibi, nywele zinasukwa, kuna samaki anakaangwa mahali. Nikaitupa shuka, nikaingia bandani. Jirani alikuwa ameshafika, amechuchumaa karibu na ndoo, pua juu. Na mama amekaa kwenye kigoda amelishika ua kwa vidole, amelileta usoni, anavuta pumzi. Anavuta tena. Anavuta tena.

Nikasema, "Mama, limetoa. Hongera."

Akaniangalia. Machozi yalikuwa yanashuka, nami nikadhani ni ya furaha, nikaanza kucheka.

"Sisikii," alisema. "Sisikii kitu."

Tangu alipoanguka uani na kupiga kisogo, pua yake ilikufa. Haisikii moshi, haisikii vitunguu, haisikii ubani. Hakumwambia daktari, hakuniambia mimi. Kumbe ndiyo maana maziwa yalikuwa yakiungua yeye amekaa pembeni. Alijiambia ubani ni kitu cha dukani na vitunguu ni vya kila mtu, lakini mkilua wa mama yake ukitoa ua, pua itarudi. Alilisema hilo taratibu. Aliubeba mapajani nchi nzima, akaulea kama mzazi, akaweka mkono juu ya udongo ule kila asubuhi, anangoja pua yake.

Mimi ninayeisikia harufu ile, niliyeifahamu tangu tumboni, nilifungua mdomo nikasema, "Inanukia... inanukia mkilua." Basi. Nilijichukia. Niliona begi lile kitandani, niliona stendi, nilimwona amekaa dirishani hana hata ndoo ya kupakata.

Jirani alikuwa hajawahi kuunusa mkilua maishani. Akaomba kwa kichwa, mama akampa ua. Akafumba macho.

"Mama," akasema, "kwanza ni shimo la ndizi siku unapolifukua, ile harufu inayokupiga usoni. Ego. Halafu mtu amekamua ndimu hapo hapo, juu yake." Akanusa tena. "Halafu vyote hivyo vinapita. Chini kabisa kuna kichwa cha mtoto mchanga. Umeshamwogesha, umempaka mafuta, amelala."

Mama alikuwa ameacha kulia. Amemkazia macho midomoni.

"Hapo," akasema. "Hapo kwenye mtoto. Usitoke hapo."

"Sitoki."

"Ana nywele?"

Jirani akanusa. "Kidogo. Laini."

Mama akashusha pumzi, na nikaona mabega yake yanashuka, mabega ambayo sikujua kwamba yalikuwa yamepanda tangu tumtoe Pangani. Akalichukua ua, akamwinamisha jirani shingo, akalichomeka kwenye kitenge chake kifuani, akalisawazisha. Akamwambia akae hapo karibu hadi jioni, kwa sababu ua hili mchana lina harufu moja na jioni lina nyingine, na yeye anataka kuambiwa zote.

"Nina ndizi za kumenya, mama," jirani akasema. "Zimeiva, zitaoza."

"Zilete tumenye hapa."

Jirani akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mama. Akaleta beseni zima, akalitua juu ya udongo wa moto kati yao wawili. Mama akapandisha mikono ya sweta, akachukua ndizi ya kwanza, akaikagua kama anayenunua dhahabu, akaanza kumenya. Alipoona bado nimesimama mlangoni naziba mwanga, akaninyooshea ganda.

"Nenda ukafungue duka, watu wanakungoja. Ukipita chumbani nitolee nguo zangu kwenye lile begi uzipange kabatini, zinajikunja."